Baba kapasuliwa kichwa salama, sasa tumbo limefunga na dawa anazificha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mtama, mkoani Lindi. Mimi ni binti mkubwa wa mzee wa miaka 63, na ndiye niliyebaki nyumbani kumuuguza. Mwaka jana alianza kuumwa kichwa kila alfajiri, mara anatapika bila sababu, mwisho akaanguka kifafa shambani kwenye mbaazi. Kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye utando wa ubongo. Tuliambiwa si saratani, ila unaukandamiza ubongo na lazima utolewe. Kaka akauza pikipiki, mama akatoa fedha zake za korosho, tukampeleka Dar es Salaam akapasuliwa. Alhamdulillahi, uvimbe umetoka, anatembea, anaongea, anatutambua wote.

Hii ni wiki ya tatu tangu apasuliwe. Hospitali walituruhusu na mfuko wa dawa: tramadoli na parasetamoli za maumivu, deksamethasoni za kupunguza kidogo kidogo kwa ratiba, omeprazoli ya kulinda tumbo, na fenitoini ya kuzuia kifafa. Tangu tufike nyumbani choo kinamsumbua. Mwanzoni alikuwa anakaa siku mbili tatu ndipo anapata, tena kigumu, vipande vidogo, na anatoka chooni jasho linamtiririka huku amekishika kichwa kwa mikono miwili. Choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, cha kuchuchumaa. Sasa leo ni siku ya sita hajapata kabisa. Tumbo limejaa, anacheua, na kichefuchefu hakimwishi.

Juzi natandika kitanda chake nikakuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa chini ya godoro. Kumbe tukimpa anaviweka shavuni, tukitoka anavitema. Tramadoli zilikuwemo, na fenitoini zilikuwemo. Mama alipomuuliza, akajibu: "Bora kichwa kiniume kuliko kurudi kule chooni." Na uji amepunguza makusudi, anasema asipokula hatakuwa na cha kwenda kutoa.

Hapo kila mtu akaja na lake. Mjomba anataka apewe haluli. Mama ameshaloweka shubiri. Jirani anasema Dar walimkata mshipa wa tumbo walipofungua kichwa. Binamu yangu amekuja kutoka Mtwara na vidonge vingine vya maumivu, anasema ni vikali kuliko vya hospitali, tumpe hivyo kwa siku chache ili apate nguvu ya kusukuma. Kaka naye kasikia tramadoli ndiyo wanayotumia vijana kulewa, anaogopa mzee atakuwa teja.

Shangazi, je, ni kichwa kinacholeta haya au ni dawa? Tuzisimamishe? Tumpe nini? Na mimi ni binti yake, nitamuulizaje baba habari za choo? Nikiingia tu chumbani anageukia ukutani.

Binti wa Mzee, Mtama


Marahaba mwanangu. Poleni nyote hapo nyumbani, na mpe mama pole yake peke yake, maana najua halali.

Barua yako ilinifikia usiku, nikakujibu kwa ujumbe kabla sijafikiria safu hii: mtu aliyepasuliwa ubongo, anayemeza deksamethasoni, tumbo limejaa siku ya sita na kichefuchefu juu, huyo apelekwe hospitali kukikucha. Nashukuru mlikwenda. Umeniarifu kwamba wamempima, utumbo haujaziba, wakamwekea dawa ya njia ya haja kubwa na tumbo likashuka. Ninayoandika sasa ni ya siku zinazofuata, kwa sababu tumbo limefunguliwa lakini kilicholifunga bado kimo kwenye mfuko wa dawa, na bila kubadilisha kitu mtarudi palepale.

Nianze na mshipa wa jirani. Utumbo una mtandao wake wa neva ndani ya kuta zake, na unaweza kusukuma chakula bila kungoja amri kutoka juu. Baba yako uvimbe ulikuwa kwenye utando, umetolewa, na mwenyewe anatembea na kuongea. Sioni sababu ya kutafuta mkosi kwenye upasuaji wakati tramadoli peke yake inatosha kueleza yote uliyoniandikia.

Tramadoli, kodeini na mofini ni ukoo mmoja, ukoo wa afyuni. Hupunguza maumivu kwa kushika vipokezi fulani kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa kwenye utumbo, na dawa ikishamezwa haichagui iende wapi. Kule tumboni inapunguza mwendo wa utumbo, inapunguza maji yanayomwagwa humo, na inakaza ule msuli wa mlangoni. Kinyesi kinakaa muda mrefu, na kadiri kinavyokaa mwili unazidi kukifyonza maji, ndipo kinatoka vile vipande ulivyovitaja. Ukitaka ushahidi, fikiria loperamidi, ile dawa ambayo watu hununua dukani kuzuia kuhara. Ni ndugu wa dawa hizi hizi, ila imetengenezwa namna ambayo kwa dozi ya kawaida haiingii kwenye ubongo. Kwa hiyo baba yako, pamoja na kutibiwa maumivu, kila siku alikuwa anapewa kitu kinachofanya kazi ya dawa ya kuzuia kuhara, wakati hakuwa anahara. Ongeza kulala kutwa, kula kidogo na maji machache, na hesabu imekamilika. Na kama kule hospitali aliwahi kupewa ondansetroni ya kuzuia kutapika, nayo hufunga choo.

Sasa liko jambo moja ambalo ningetamani kila familia iambiwe kabla haijatoka wodini. Dawa za ukoo huu zina maudhi mengine ambayo mwili huyazoea. Kichefuchefu cha mwanzo na ule usingizi mzito, kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuzoeleki. Kutaendelea muda wote anaoimeza. Ndiyo maana anayepewa dawa hizi kwa zaidi ya siku chache anatakiwa aanze na dawa ya choo siku ileile, asisubiri kukwama. Mara nyingi hilo husahaulika katika haraka ya kumruhusu mgonjwa, na mgonjwa akishafika nyumbani anadhani ni mwili wake umeharibika. Baba yako amebeba aibu ya kitu ambacho si kosa lake hata kidogo. Naomba aambiwe hivyo, kwa maneno hayohayo.

Na uchungu wa kichwa anaotoka nao chooni ni wa kweli. Mtu anapozuia pumzi na kujikamua, shinikizo hupanda kifuani na tumboni, damu inayorudi kutoka kichwani inacheleweshwa, na shinikizo ndani ya fuvu linapanda kwa muda huo. Mimi na wewe tunavumilia. Aliyefunguliwa fuvu wiki tatu zilizopita anahisi kichwa kinataka kupasuka. Haina maana kwamba akijikamua mara moja mshono utaachia, msitishike. Lakini angalia mzunguko ulivyomzunguka: anajikamua, kichwa kinauma, anahitaji dawa ya maumivu, dawa inazidi kufunga choo, kesho anajikamua zaidi. Kwa hiyo alipoamua kuzitema alikuwa na akili zake timamu, alichagua maumivu aliyoona ni nafuu. Kosa ni kwamba hakuna aliyempa njia ya tatu, na katika kutema akachanganya na zile ambazo hazitemwi.

Hapo ndipo pa kuanzia leo. Kaeni na mfuko wa dawa mezani, mhesabu kila aina: alipewa ngapi, zimebaki ngapi, zipi zilikuwa chini ya godoro.

Fenitoini haihusiki na choo kwa namna hii, na ndiyo inayomkinga na kifafa. Akiiacha ghafla anaweza kuanguka tena, na kuanguka na mshono mpya kichwani ni hatari. Mwambieni daktari ukweli kwamba dozi kadhaa zimepotea. Lakini msimrundikie kufidia zile alizotema, kwa sababu fenitoini ikizidi mwilini nayo ni sumu: macho yanachezacheza, mtu anayumba, anachanganyikiwa.

Deksamethasoni hukutaja kama ilikuwemo kwenye kitambaa. Hesabu kwa makini. Mwili uliozoea kupewa hiyo kwa wiki kadhaa hupunguza kutengeneza ya kwake, na ikikatwa ghafla mgonjwa hulegea, presha inashuka, anatapika, na ubongo wenyewe unaweza kuvimba tena. Ifuateni ratiba ya kupunguza kama ilivyoandikwa. Ina tabia nyingine inayohusu tumbo moja kwa moja: hufunika dalili. Utumbo unaweza kuwa na jipu au hata umetoboka, na mgonjwa asilalamike maumivu makubwa kama ambavyo mngetegemea. Ndiyo sababu sikutaka mngoje siku ya saba. Omeprazoli iendelee sambamba nayo.

Tramadoli ndiyo ya kuijadili na kliniki ya upasuaji. Piga simu iliyo kwenye karatasi ya ruhusa, au mpitie kwa daktari wa hospitali iliyo karibu awasiliane nao. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya choo. Ya pili ni nzito zaidi: tramadoli huweza kuufanya ubongo uwe mwepesi kupata kifafa, na baba yako ameshawahi kuanguka. Inawezekana aliyeiandika alilipima hilo akaona maumivu ya siku zile yalihitaji. Lakini wiki ya tatu si siku ya tatu. Maumivu ya kupasuliwa kichwa huwa makali siku za mwanzo kisha hushuka, na wengi kufikia sasa hutosheka na parasetamoli ikimezwa kwa saa zake badala ya kungoja kichwa kilipuke. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, kawaida ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, isizidi mara nne ndani ya saa 24, na hakikisheni hakuna dawa nyingine mnayompa yenye parasetamoli ndani. Muulizeni daktari kama inatosha. Akikubali kuiondoa tramadoli, aseme na namna ya kuishusha, kwa maana aliyeimeza kila siku kwa wiki kadhaa akiikata papo hapo anaweza kutokwa jasho, kukosa usingizi, kuhangaika na kuhara.

Hilo lisimtie kaka hofu ya uteja. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja. Mtu kuitafuta kwa udi na uvumba ili alewe ni jambo jingine, na mzee anayezificha chini ya godoro hazitafuti. Penye hatari ya kweli ni kwa binamu. Vidonge vyake visiingie mdomoni mwa baba hata kimoja. Hamjui nguvu yake, hamjui kilichomo, na kama ni ukoo uleule basi mnaongeza juu ya alichonacho: choo kitafunga zaidi, na dawa hizi zikizidi hupunguza pumzi mpaka mtu anashindwa kuamka. Halafu kuna ubaya ambao watu hawaufikirii: mgonjwa wa ubongo akilewa dawa, hamtajua kama anasinzia kwa sababu ya kidonge au kwa sababu damu imevuja kichwani. Vilevile msimchome diklofenaki wala kumpa ibuprofeni kwa kuamua wenyewe. Zikikutana na deksamethasoni zinachimba vidonda vya tumbo, na zinaongeza uwezekano wa kutoka damu.

Sasa dawa ya choo. Kama tramadoli itaendelea hata kwa siku chache, aendelee na ya choo kila siku, si pale tu anapokwama. Zinazofaa kwa kufunga kwa aina hii ni zile zinazoamsha mwendo wa utumbo, yaani bisakodili au sena, na wakati mwingine daktari huongeza inayovuta maji, mfano laktulosi. Bisakodili kwa mtu mzima mara nyingi ni miligramu 5 hadi 10 akienda kulala, inafanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo haja inamjia asubuhi kukiwa na mwanga, hahitaji kutoka nje usiku. Kidonge kimezwe kizima, kisisagwe, na kisifuatane na maziwa ndani ya saa moja, kwa sababu ganda lake limetengenezwa liyeyuke utumbo ukishafikiwa, vinginevyo litamkata tumbo. Laktulosi huchukua siku moja hadi mbili na inaleta gesi, msikate tamaa jioni ya kwanza. Muulizeni mfamasia mkiwa na orodha kamili ya dawa mkononi. Na lishikeni hili: tumbo likiwa limejaa, lina maumivu, hatoi hata upepo na anatapika, hapewi dawa yoyote ya kusukuma. Anapelekwa hospitali.

Nakuja kwenye shubiri na haluli, na sisemi haya kwa kuwadharau mama na mjomba. Zote mbili zinaendesha, hilo si uongo, na kwa kijana mzima aliyekula kiporo pengine yangeishia hapo. Baba si huyo. Shubiri hukamata utumbo kwa nguvu, inaleta msokoto, na mtu akiharishwa anapoteza maji na potasiamu. Deksamethasoni nayo inaipunguza potasiamu hiyohiyo, na moyo unaitegemea ili upige sawasawa. Haluli ni chumvi ya magnesiamu. Figo za mtu mwenye umri zikiwa dhaifu zinashindwa kuitoa. Na akiharishwa vikali, vidonge vya kifafa vinaweza kupita bila kufyonzwa. Mafuta ya nyonyo nayo niliyoyasikia kwa wengine, hapana. Maji ya sabuni ya kuingizwa kwa mpira, hapana kabisa, sabuni inaunguza utumbo.

Chakula kinasaidia, ila kiwekeni mahali pake. Watu watawaambia mumpe pumba na mboga nyingi tu. Utumbo uliolazwa na tramadoli hausukumi. Ukiujaza makapi bila maji, unaongeza mzigo unaokaa palepale. Kwanza maji, kidogo kidogo mchana kutwa, isipokuwa kama daktari aliwapangia kiasi, maana wengine baada ya upasuaji wa ubongo chumvi ya damu huyumba na maji hupimwa. Kisha papai lililoiva, ambalo huko kwenu halikosekani, embe likiwa msimu, mlenda au kisamvu kilicholainika, mbaazi na kunde zilizopikwa mpaka zikalegea, uji mwepesi badala ya ugali mzito wa muhogo peke yake. Ale kidogo mara nyingi. Kikombe cha kitu cha moto asubuhi husaidia, kwa sababu tumbo likipokea chakula baada ya usiku utumbo mkubwa nao huamka, na hapo ndipo wakati mzuri wa kumpeleka haja, si mchana wa jua kali. Soda na biskuti wanazoleta wageni wapeni watoto. Akiwa na fimbo ya kuegemea, atembee uani mara kadhaa kwa siku, hata kama ni hatua chache.

Na choo chenyewe. Kuchuchumaa ni mkao mzuri kwa haja, lakini kwa mtu mwenye kizunguzungu, usiku, juu ya shimo, ni kumtafutia kuanguka. Fundi seremala yeyote hapo Mtama anaweza kutoboa kiti imara, kikawekwa juu ya tundu la choo, au chumbani na ndoo chini nyakati za usiku. Chini ya miguu wekeni kigoda kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga. Mkao unakuwa karibu na ule wa kuchuchumaa na njia inanyooka. Aegemee mbele, viwiko juu ya mapaja, apumue kwa mdomo, asizuie pumzi. Ikipita robo saa bila kitu, atoke akapumzike, asikae akijikamua. Wekeni pazia na mumwachie nafasi, mmoja asimame umbali wa kusikia sauti tu.

Limebaki la kumuuliza, na hili nimelifikiria zaidi kuliko dawa. Hujakosea kuona haya, na yeye hajakosea kugeukia ukutani. Ni baba na binti. Msilazimishe. Lakini nyinyi ni watu wa Kusini, utani mnaujua kuliko mimi. Babu na mjukuu ni watani. Una mwanao mkubwa wa kiume, au wa kaka yako? Huyo anaweza kuingia asubuhi akamuuliza babu yake waziwazi lile ambalo wewe huwezi kulitamka, na babu akacheka, na jibu likapatikana. Kama hakuna kijana wa umri huo, tafuteni shemeji yake anayetaniana naye. Mtu huyo mmoja tu ndiye apewe kazi, si ukoo mzima kuuliza kwa zamu, maana mzee akisikia choo chake kinajadiliwa barazani atazidi kufunga mdomo. Aandike kwenye daftari: tarehe, amepata au hakupata, kigumu au laini, dawa zipi amemeza na zipi zimerudi. Wewe utalisoma daftari bila kumuuliza baba chochote. Na vidonge avipokee kutoka kwa mjukuu huyo, anywe maji mbele yake, waongee kidogo, mpaka mdomo uwe mtupu. Akisema "hiki sikitaki", asikilizwe, aelezwe ni cha nini. Akishajua kwamba cha kifafa si kilichomfunga tumbo, sidhani kama atakificha tena.

Kuna dalili ambazo zikitokea hamsubiri daftari wala mjukuu. Kwa upande wa tumbo: siku tatu bila choo huku anatumia dawa ya choo, tumbo gumu lililovimba, kutopitisha upepo, kutapika kijani, damu kwenye choo au choo cheusi cha lami. Pia akianza ghafla kutokwa na majimaji kidogo kidogo baada ya siku nyingi za kufunga, msidhani ameharisha mkampa dawa ya kuzuia, mara nyingi ni maji yanayopenya pembeni ya kinyesi kilichokwama. Kwa upande wa kichwa: maumivu yanayoongezeka siku hadi siku, kutapika pamoja na maumivu hayo, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuongea asiyoyaelewa, kuanguka kifafa, mkono au mguu kulegea, homa na shingo kukaza, mshono kuvimba au kutoa usaha, maji maangavu kutoka kwenye mshono au puani. Na akitapika muda mfupi baada ya kumeza fenitoini, pigeni simu muulize kama irudiwe. Hospitali ya Nyangao iko jirani nanyi, msiiruke kwa kutaka kukimbilia mbali. Wakiona haja watawapeleka Hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mtwara. Njiani msimwache peke yake kwenye kiti cha nyuma, na mfuko wa dawa wote uende naye, pamoja na vya binamu kama kuna alichomeza, bila kumficha daktari kitu.

Kesho asubuhi ukipiga simu ya kliniki, uliza haya: tramadoli iendelee au ishushwe, na kwa hatua zipi, parasetamoli peke yake inatosha au kuna nyingine isiyofunga choo, dawa ya choo ipi na kwa dozi gani, fenitoini iliyokosekana tufanyeje, na je, inafaa apimwe kiwango chake kwenye damu, maji anywe kiasi gani. Andika majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lile la mjukuu, ili hata wewe usipokuwepo mama asome, na mjomba akija na haluli aonyeshwe.